Kondoo Kiongozi Aliyeanza Kuhema

Barua ya msikilizaji na jibu la Mama Steinunn, kama zilivyosomwa redioni Ijumaa mchana, mara baada ya taarifa ya hali ya hewa.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, wala usishangae kwamba nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu simu ya bonde letu ni waya mmoja kwa nyumba zote saba, ukiinua mkono wa simu tu unasikia majirani sita wanapumua, na yuko mmoja ambaye akikohoa huomba radhi kabisa kisha anaendelea kusikiliza, kwa hiyo jambo langu haliwezi kupita kwenye waya ule, na mke wangu Arnfríður ameniambia nikae mezani niandike na nisiinuke mpaka nimalize, naye yuko hapa mbele yangu anafuma soksi na kunitupia jicho.

Mimi ni mfugaji wa kondoo, umri wangu miaka hamsini na mmoja, baba alifugia hapa hapa na babu vilevile, na bonde letu ni mojawapo ya yale yaliyoingiwa na ugonjwa wa kuhema, ule uliokuja na madume ya kigeni kabla ya vita, ambao kondoo anakula vizuri, macho safi, pua safi, lakini ukimswaga kupanda mlima anabaki nyuma, kichwa kinakwenda juu na chini kwa kila pumzi kama mtu anayeitikia ndiyo, ndiyo, halafu anakonda mwezi baada ya mwezi huku anakula, na akifa ukimpasua unakuta pafu zito kama ini, na dawa hakuna. Miaka minane tulifukia kondoo, mpaka mwaka wa arobaini na saba ikaamriwa kwamba kondoo wote wa upande wetu wa uzio wa kuzuia ugonjwa wachinjwe, wagonjwa na wazima, mabanda yakwanguliwe mpaka kwenye jiwe, yaoshwe kwa magadi, yapakwe chokaa, yakae matupu mwaka mzima, ndipo tuletewe wanakondoo wapya kutoka Magharibi ambako ugonjwa haukufika. Mimi nilikuwa nao mia moja na kumi na wanne, wakapakiwa kwenye malori siku moja, na zaidi ya hapo sitaki kusimulia.

Lakini walipohesabiwa walikuwa mia moja na kumi na watatu, kwa sababu Gríma hakushuka. Gríma ni kondoo wangu kiongozi, mweusi, mrefu wa miguu, ana baka jeupe usoni kama kinyago, nyama hana na sufu yake ya kubahatisha, lakini anatembea mbele ya kundi na kengele shingoni na njia anaijua hata ikiwa imefunikwa na theluji ya kufika kifuani, na dhoruba anaijua kabla ya redio yenu, samahani kusema hivyo. Mwaka wa arobaini na tano, asubuhi ya Februari, mbingu safi kabisa, nilifungua banda ili wakatafute malisho ufukweni, Gríma akasimama mlangoni akakataa kutoka, nikamsukuma akarudi, nikamvuta pembe akalala chini, basi nikamsikiliza nikawaacha wote ndani huku jirani yangu Ketill akipita na kundi lake na kuniuliza siku hizi nani anamfuga nani hapa kwangu, na kabla ya saa sita mchana upepo uligeuka, Ketill akapoteza kondoo thelathini na vidole viwili vya mguu, mimi sikupoteza hata unyoya.

Sasa wiki tatu baada ya malori kuondoka, Novemba, natoka kwenda kukamua ng'ombe namkuta Gríma amesimama mbele ya banda la kondoo, ananusa mlango uliopakwa chokaa, na kengele yake shingoni, ametoka huko milimani peke yake kuja kulala na wenzake ambao hawapo. Sheria naijua, nilipaswa kumwua pale pale. Nikamwingiza kwenye banda la ng'ombe nyuma ya majani makavu, na Arnfríður alipokuja na ndoo akasema, "Huyo ni nani?"

Nikasema, "Ni Gríma."

"Kuwa ni Gríma naona. Nauliza kwenye karatasi ni nani?"

"Kwenye karatasi hayupo."

"Basi na hapa asiwepo," akasema, lakini jioni nilimwona anampelekea mkate wa shayiri, na ndivyo tulivyoishi mwaka ule mzima bila kondoo, kondoo akiwa ndani.

Mwaka uliofuata tukaletewa wanakondoo wapya, mimi hamsini na wawili, na shemeji yangu Vilborg, mjane wa marehemu kaka yangu, ambaye ana binti watatu na shamba linalopakana na langu, alipata arobaini, na wanakondoo wale mama mshauri walikuwa wazuri lakini wageni, walikuwa wanakwenda kusimama kwenye uzio na kutazama upande wa Magharibi siku nzima wakilia, hawajui kijito kiko wapi chini ya theluji, hawajui mwamba wa kujikinga, na dhoruba ya kwanza kumi na mmoja wa Vilborg waliingia kwenye barafu ya ziwa wakazama. Wangu hawakuzama. Mimi nilikuwa na Gríma wa kuwaongoza, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo naliona aibu kuliko yote, nilichukua kisu nikamkata masikio upya, kwa sababu alama yetu ya sikio, ya kutambulisha kondoo wetu, ilikuwa mpasuko kulia na pengo kushoto na kila mtu anaijua tangu enzi za babu, basi la kulia nikaliondoa ncha nzima na la kushoto nikalipanua lile pengo mpaka likafanana na alama ya huko Magharibi, naye alisimama tuli, damu inamwingia jichoni, hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mkaguzi alipokuja, si mtu wa kwetu, akaandika kwenye daftari lake kwamba nina kondoo jike mmoja mzee aliyekuja na wale wapya kutoka Magharibi ili awaongoze. Majirani walikuwepo wote zizini. Walimtazama Gríma, wakanitazama mimi, kisha wakazungumza habari za hali ya hewa. Vilborg peke yake ndiye aliyesogea, akamkuna paji la uso, akasema, "Shemeji, huyu wako wa Magharibi anafanana sana na marehemu Gríma."

Nikamwambia, "Kondoo wanafanana, shemeji."

"Kweli. Hata wewe leo unafanana na mtu mkweli."

Tukacheka, na kahawa tukanywa, na mwezi wa pili mwaka uliofuata theluji ilipozidi akaja kuniomba nimwazime Gríma awafundishe wake ishirini na tisa waliobaki njia ya ufukweni, nikampa, na dhoruba ikawafungia ndani siku kumi na moja, Gríma na wale ishirini na tisa kwenye banda moja, madirisha yamezibwa, na alipomrudisha aliniletea samaki mkavu na siagi na akasema huyo mwanamke wa Magharibi ana akili kumzidi yeye. Hakuna aliyezama tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana Arnfríður amegeuza soksi anaanza kisigino na mimi bado sijalisema. Gríma anahema. Mwezi wa sita mwaka huu nilipokuwa nawapandisha mlimani alisimama kwenye mawe ya kwanza, yeye aliyekuwa anatusubiri juu, nikasema ni uzee, ana miaka kumi na moja, tena ana mtoto mdogo, nikambakiza kwenye malisho ya nyumbani pamoja na mwanawe, jike, mwenye kinyago kile kile. Mwezi wa nane nikamswaga kidogo tu kutoka kijitoni mpaka zizini, na kichwa kikaanza, juu na chini, juu na chini. Nikamwambia Arnfríður ni uzee. Akasema, "Mama yangu ana miaka themanini na tatu na anapanda ngazi. Uzee hauhemi hivyo, na wewe unajua kinachohema hivyo."

Alhamisi ya wiki ijayo ni siku ya kushusha kondoo kutoka mlimani, nyumba zote saba, wote wataingia kwenye zizi moja la kuchambulia, kila mwenyewe atoe wake, na Vilborg anakuja siku hiyo kuchukua yule mtoto wa Gríma, nilimwahidi tangu majira ya kuchipua, binti yake mdogo ameshamfumia na utepe wa kengele. Swali langu ni hili mama mshauri, je, naweza kumwua Gríma kimyakimya kabla ya Alhamisi nikamfukia, nikasema ametumbukia korongoni, na mtoto nikampa Vilborg kama nilivyoahidi, maana mtoto ni mzima kabisa, anaruka, anakula, na wangu wengine ni wazima, na wa Vilborg ni wazima, hakuna hata mmoja anayekohoa? Mimi nasema hapo hakuna aliyedhurika. Arnfríður anasema ama niandike kwako au yeye atavaa koti aende kwa Vilborg mwenyewe. Nilimwambia tukisema watatuulia kundi zima, mara ya pili, na mimi banda tupu kwa mara ya pili siliwezi. Akasema, "Basi sema hivyo. Usiseme unamsitiri Gríma."

Nimesema. Naomba unijibu kabla ya Alhamisi.

Ni mimi, Mfugaji wa Bonde la Nyumba Saba.

JIBU LA MAMA STEINUNN

Barua yako imenifikia Jumanne. Kwa kawaida barua hapa hungoja zamu wiki tatu, na yupo binti mmoja ambaye leo ilikuwa siku yake kujibiwa kama aolewe na mpishi wa meli au asiolewe. Binti yangu, mpishi hataharibika kwa wiki moja. Mambo ya huyu bwana yanaharibika leo.

Kwanza, bwana, ulificha jina lako ukaandika ya wengine wote, mpaka la kondoo, mpaka alama ya sikio ya babu yako. Kwa hiyo majina yote mliyoyasikia nimeyabadilisha mimi, na nyumba pengine si saba, na alama ya sikio si hiyo. Lakini usijidanganye kwamba nimekufunika. Watu wa bondeni kwako si wajinga, na kila nyumba ina redio.

Nianze na pole, maana unaistahili. Kwetu walichinjwa mia mbili na sita. Jumapili iliyofuata baba yangu aliamka, akavaa, akabeba mzigo wa majani makavu, akaenda nao mpaka bandani, akafungua mlango, ndipo akakumbuka. Aliuweka mzigo pale mlangoni na haukuondolewa mpaka Pasaka, hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuondoa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba Novemba ile, kondoo mmoja amerudi peke yake ananusa mlango wa banda tupu, naye akashindwa kunyanyua bunduki, mimi simlaumu. Ningemwingiza na mimi. Ningekosea, lakini ningemwingiza.

Pole imeishia hapo.

Kosa la Novemba lilikuwa la huzuni, mtu anaweza kulielewa. Kosa la kisu lilikuwa la akili timamu, ulikaa ukapima ukakata. Mnyama aliyekuokolea kundi zima amesimama tuli kwa sababu ni mkono wako, nawe unamwandikia uongo masikioni. Nchini kwetu mtu aliyechezea alama ya sikio zamani hakuzikwa na wenzake, na wewe unajua, ndiyo maana umesema mwenyewe ni aibu kuliko yote. Nakubaliana na wewe, nami sina la kuongeza.

Na nyinyi majirani mliozungumza habari za hali ya hewa pale zizini, nanyi mnanisikia. Kila mmoja wenu alimtambua yule kondoo. Mlinyamaza kwa sababu wanakondoo wenu nao walikuwa wanajifunza njia nyuma ya kengele ile ile. Hali ya hewa naisoma mimi hapa kila mchana, hamkuwa na haja ya kunisaidia. Ketill akapate nafasi ya kutafakari na vidole vyake vinane vilivyobaki.

Sasa swali. Unauliza habari za kondoo mmoja, na hapo ndipo unapojidanganya, au unapotaka mimi nikudanganye. Nimemwuliza daktari wa mifugo, bila kumtajia mtu wala mahali, na akanieleza kama anavyoeleza miaka yote kwenye mikutano ambayo wewe nawe ulihudhuria. Kirusi hiki hakina haraka. Kinaingia kwa pumzi, ndani ya banda lililofungwa, majira ya baridi, na kinaingia kwa maziwa ya mama. Halafu kinakaa kimya miaka miwili, mitatu, na zaidi, na muda wote huo kondoo anakula, anazaa, anaruka. Unaniambia mtoto wa Gríma ni mzima kwa sababu anaruka. Bwana, kuruka kwake kunaonyesha kwamba ana miguu. Amenyonya kwa mama anayehema majira yote ya joto.

Wale hamsini na wawili wamelala na Gríma banda moja majira mawili ya baridi. Wale ishirini na tisa wa shemeji yako wamevuta pumzi yake siku kumi na moja madirisha yakiwa yamezibwa. Unasema hakuna aliyedhurika. Sema hakuna anayehema bado.

Zilizobaki salama, kwa bahati, ni zile nyumba nyingine tano. Hizo hazikumwazima Gríma. Kondoo wao wamekutana na wako mlimani, hewani, na daktari anasema hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi sana. Lakini Alhamisi ijayo mtawabana wote kwenye zizi moja, Desemba mtaanza tena kuazimana madume kama zamani kabla ya malori, na mwakani mtapeana majike. Hapo ndipo bonde lote litakapokwanguliwa mpaka kwenye jiwe mara ya pili, na labda mabonde ya ng'ambo ya mlima. Hicho ndicho kilichoko mkononi mwako mpaka Alhamisi, na baada ya Alhamisi hakitakuwa mkononi mwa mtu yeyote.

Na kuna jambo ambalo sidhani umelifikiria, maana kama umelifikiria basi wewe si mtu niliyemdhania. Ukimfukia Gríma na kunyamaza, mgonjwa wa kwanza atakayeonekana huenda asiwe wako. Anaweza kuwa wa Vilborg. Mwaka wa hamsini na mbili, hamsini na tatu, kondoo mmoja wa mjane anabaki nyuma mlimani, kichwa kinakwenda juu na chini, na watu wa bonde watauliza ugonjwa umeanzia wapi, na jibu litakuwa umeanzia kwa Vilborg. Gríma atakuwa ameoza ardhini. Wewe utakuwa umesimama zizini na wenzako, na wataitazama nyumba ya kaka yako, na mtazungumza habari za hali ya hewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa kitamwumbua mwanamke aliyekuletea samaki na siagi.

Mkeo amekupa ukweli bure, huku anafuma. Ungemsikiliza yeye, ungeokoa stempu.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu, wala usiugeuze.

Nenda kwa Vilborg leo, kwa miguu yako, si kwa simu. Mwambie habari ya kuhema, maana hilo ndilo asilolijua. Mengine yote anayajua, alikuambia usoni siku ile nawe ukacheka. Mwambie mtoto hatampata, na kwa nini. Atakutukana, kaa kitako usikilize. Atalia, au hatalia, hilo ni lake. Usimwambie kwamba ulikuwa unataka kumsaidia. Ni kweli ulitaka, lakini leo si siku ya yeye kukufariji wewe.

Ukirudi, inua simu. Ile ile uliyoikwepa, ya waya mmoja. Mwite daktari wa mifugo umweleze yote, Novemba, banda la ng'ombe, kisu, zile siku kumi na moja kwa Vilborg, mtoto, kila kitu kwa sauti ya kawaida. Utasikia majirani wanapumua. Usiwaombe waweke simu chini. Kwa maneno yale yale utakuwa umelieleza bonde zima mara moja, kila mmoja ajue kondoo wake asimchanganye na wako wala wa Vilborg, na hakuna atakayepata habari hii kwa kuongezewa chumvi. Yule anayekohoa mwache akohoe.

Alhamisi kondoo wako na wa Vilborg wachambuliwe nje ya zizi, mahali palipozungushiwa kamba, mbali na wengine. Hilo mtalipanga na daktari. Baadaye watachinjwa wote, wako na wake, sikufichi. Utakuwa na banda tupu kwa mara ya pili na shemeji yako pia, na utaumia, na safari hii hutakuwa na dume la kigeni la kulilaumu. Hilo umelipata kwa haki. Majira ya baridi yakianza nenda ukamsaidie kukwangua banda lake kabla hujagusa lako, na utafanya hivyo hata kama hajakuomba na hata kama hasemi na wewe.

Gríma usimfukie. Daktari anatakiwa kuliona pafu lake. Lakini usimwachie mtu wa lori. Mwue wewe mwenyewe, nyumbani, mahali anapopajua, daktari akiwa amesimama pembeni, na mtoto wake vilevile. Kengele mvue kwanza. Mkono uliomkata masikio ndio unaodaiwa wema huo, na mkate wa shayiri mke wako ampe kabla.

Bahasha yako ina muhuri wa posta, na mimi macho yangu bado mazuri. Ikifika Jumatatu saa tatu asubuhi kama daktari hajasikia kutoka kwako, atasikia kutoka kwangu. Sipendi kusema hivyo redioni, na ndiyo maana nimelisema mara moja tu.

La mwisho. Umeandika kwamba asubuhi ile ya Februari Gríma alisimama mlangoni, mbingu safi, akakataa kutoka, na ukamsikiliza wakati jirani anakucheka. Hukuona wingu lolote. Ulimwamini tu kwamba anajua usichokijua, ukawaacha wote ndani, wakapona. Mwezi wa sita amesimama tena, kwenye mawe ya kwanza, na mwezi wa nane kichwa chake kikaanza, juu na chini. Safari hii ulisema ni uzee. Anakuambia jambo lile lile alilokuambia mwaka wa arobaini na tano, usiwatoe nje. Ni kazi yake, na bado anaifanya, kwa pafu alilobakiwa nalo.

Nimemaliza, na nyimbo zinafuata. Vilborg naye ana redio, na muda huu anaweka chini kazi aliyokuwa nayo mkononi. Kutoka kwako mpaka kwake si mbali. Vaa viatu.